Mwaka Niliousingizia Baridi

Sufu ikilowa kisha ikapigwa pasi ya mkaa hutoa harufu ambayo sijaikuta tena mahali popote: nusu yake kondoo, nusu yake moshi, na kwa mbali kitu kama mkate uliosahauliwa motoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Biryogo kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, miezi ya kiangazi kirefu ambayo Wanyarwanda huiita Impeshyi, na ambayo mgeni asiyeijua Kigali angedhani ni miezi ya joto. Mchana jua lilikuwa kali, sikatai, na vumbi jekundu lilitupanda hadi kwenye kope. Lakini usiku anga lilibaki tupu bila wingu la kutufunika, baridi ikashuka polepole na kwenda kulala bondeni kwenye mafunjo, na alfajiri ukungu ulijaa mabonde yote ya mji hata vilima vikaonekana kama migongo ya ng'ombe wanaovuka mto. Sisi tulioishi juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja tulitoka nje tumekunja mikono kwapani. Leo nikiwaambia vijana kwamba katika Kigali hii palikuwa na asubuhi ambazo pumzi ilimtoka mtu kinywani ikiwa nyeupe kama moshi, hunitazama kwa upole ule wanaowatazamia wazee wanaosimulia habari za chui sokoni.

Baba yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saidi, aliishi kwa baridi hiyo. Babu yake alitoka pwani na msafara wa wafanyabiashara, akafika Rwanda, akaona ng'ombe na milima, akasahau kurudi. Ndivyo Mama, mzaliwa wa Rwamagana, alivyopenda kuisimulia asili ya ukoo wa mumewe kila alipotaka kumkumbusha nani mgeni na nani mwenyeji. Miezi mingi ya mwaka Baba alishona kama washonaji wengine wa Biryogo: sare za shule, kanzu za Idi, suruali zilizochanika magotini. Kiangazi kilipofika aliyaacha yote akashona makoti. Vitambaa vyake vilitoka katika marobota ya mitumba, ambayo kwetu huitwa chagua, ndani ya makoti makubwa ya Ulaya yaliyokuwa mapana kama mahema. Aliyafumua mshono kwa mshono, akageuza upande ambao haukuwahi kuona jua, akakata upya kwa vipimo vya watu wetu, kisha akatia bitana ya blanketi. Walinzi, walimu, wauza maziwa na wasukuma baiskeli walioingia mjini kabla ya jua, wote hao walivaa kazi ya mikono yake.

Alikuwa na sharti alilorithi kwa baba yake: nguo ya baridi haikatwi kabla baridi haijaonekana. Haikutosha kuisikia kwenye ngozi. Ilipasa ionekane kwa macho. Alfajiri, akirudi msikitini, alisimama ukingoni mwa baraza yetu akitazama bondeni, na mtu wa nyumbani akapuliza pumzi mara tatu. Zikitoka nyeupe zote tatu, na akawepo mtu wa nje wa kushuhudia, Baba aliingia ndani, akasema Bismillahi, akashika mkasi. Shahidi wa nje hakukosekana kamwe, kwa sababu, alisema, fundi mwenye njaa huona wateja hata ndani ya ukungu. Majirani hawakuulizana kama baridi imeanza. Waliulizana kama Fundi Saidi ameshika mkasi. Redio ilikuwa na taarifa yake ya hali ya hewa, na Biryogo ilikuwa na mkasi wa Baba, na sikumbuki mtu aliyewahi kuichagua redio.

Nyumbani palikuwa na desturi nyingine iliyofungamana na hiyo. Mtoto akitimiza miaka kumi alishonewa koti lake mwenyewe, jipya kadiri mtumba unavyoweza kuwa mpya, na pumzi za kufungulia msimu wa mwaka huo zilikuwa zake. Kaka yangu Hamza alikuwa amepata lake miaka miwili kabla, na alilitembeza mtaani kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Mimi nilikuwa nikivaa yale yaliyomkataa, yenye mikono iliyofika magotini na mifuko iliyojaa mabaki ya karanga za mtu mwingine. Basi mwaka wangu ulipofika, Baba alikuwa ameshaning'iniza ukutani koti moja la Ulaya la rangi ya samawati iliyokolea, tayari limefumuliwa, na kila nilipopita chini yake nililigusa ili nihakikishe bado ni langu.

Lilikuwa langu kwa masharti. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Gisimenti, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alikuwa amekiona kitambaa kile na hakukiondoa machoni tena. Baba alimwambia ukweli: kimewekewa binti yake, lakini mwezi wa saba ukiisha bila baridi kuonekana, hakuna sababu ya mtoto kuvaa koti, na mwenye duka atakichukua, kwa kuwa magoti yake yalisikia baridi hata adhuhuri. Mwenye duka akashukuru, akasema ataniombea baridi, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

Mwezi wa sita ukaisha bila kitu. Mwezi wa saba ukaanza, na kila alfajiri nilisimama ukingoni mwa baraza na kupuliza, na hewa ilitoka kinywani mwangu bila rangi, kama maneno ya mtu asiyesikilizwa. Ukungu wenyewe ulikuwa haba, vipande vipande, ukijikusanya bondeni na kutawanyika kabla jua halijapanda. Baba alisubiri, akatazama, akasema tutaona kesho. Hamza alikuja kila siku kunisindikiza, si kwa huruma. Asubuhi moja aliniambia nipulize tena, labda baridi imekwama kooni, na nilipopuliza bila mafanikio akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Zai, hata birika la Mama linakushinda."

Shahidi wetu mwaka ule alikuwa Gaspari, muuza makala, kama mkaa unavyoitwa kwetu, aliyetuletea wa pasi kila siku ya tatu akisukuma baiskeli yenye magunia mawili yaliyoizidi kwa urefu. Alichoma mkaa wake Kinyinya, ambako wakati huo kulikuwa na mikaratusi na mashamba ya mtama, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigali, kilichonyooshwa na Kinyarwanda hadi kikakosa pembe. Alivaa koti lililoshonwa na Baba mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa. Wakati tukiisubiri pumzi yangu, Baba alimuuliza kwa nini siku hizi anachelewa, na Gaspari akaeleza kwamba miti ya karibu imekwisha, sasa anavuka vilima viwili kabla ya kupata ya kukata.

"Msitu iko inakimbia, Fundi."

"Una shoka mkononi, Gaspari. Mimi pia ningekimbia."

Gaspari alicheka, kisha akatazama bonde na kusema jambo ambalo nimelinukuu katika mikutano mingi bila kumtaja, na kila mara nilipigiwa makofi yaliyokuwa yake. "Ukungu ni kama mgeni. Iko inatafuta mahali ya kulala. Miti ikiondoka, italala wapi?" Baba alitazama mkono wake. Alikuwa ameshika pasi, na ndani ya pasi hiyo yalikuwa yakiwaka makala ya Kinyinya.

Zilipobaki siku nne mwezi uishe, nilikumbuka birika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi chini. Mama alikuwa na kawaida ya kuchemsha chai ya tangawizi kabla ya swala ili Baba aikute akirudi. Nilinyata jikoni, nikamimina kikombe ikiwa bado inatokota, nikajaza kinywa na kufunga midomo. Sijui kama umewahi kushika moto kwa ulimi. Macho yalinitoka machozi, masikio yakavuma, nikatembea kutoka jikoni hadi barazani kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Baba alikuwa ameshafika, Gaspari alikuwa ameegemeza baiskeli, na kwa bahati asubuhi hiyo palikuwa na unyevu kidogo hewani. Nikameza, nikapuliza mara ya kwanza. Moshi ukatoka. Nikapuliza ya pili. Ukatoka. Ya tatu ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo, na ilitembea hatua nzima mbele ya uso wangu kabla ya kufa.

"Nimeona," akasema Gaspari, akiiita baridi kwa Kinyarwanda. "Imbeho imefika, Fundi. Mimi ni shahidi."

Baba alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa sawa na mwezi mzima wa saba. Kisha akaingia ndani, nikasikia Bismillahi, na nikasikia mkasi ukitolewa kwenye ala yake ya ngozi. Aliniita nisimame mbele yake ili anipime. Alipima mabega, akapima mikono, akainama kupima kifua, uso wake ukiwa karibu na wangu kiasi kwamba niliona vumbi la chaki kwenye nyusi zake. Nilibana midomo. Haikusaidia. Aliandika vipimo ukutani kwa chaki, kama kawaida yake, na bila kugeuka akasema kwa sauti ya chini ambayo Gaspari asingeweza kuisikia.

"Baridi ya mwaka huu inanukia tangawizi."

Nilingoja kofi, au walau kitambaa kirudishwe ukutani. Akakata. Mkasi ulipita kwenye ile samawati ukitoa sauti kama ya mbuzi anayekula majani, na kila ulipofunga niliona fursa yangu ya kusema kweli ikianguka chini na vipande. Maji yakishamwagika hayazoleki, na kitambaa kikishakatwa ni hivyo hivyo. Jioni koti lilikuwa tayari, lenye bitana nyekundu na vifungo vinne vya pembe, na sijawahi kuvaa nguo nzuri zaidi hadi leo. Baba alinivalisha, akanyoosha ukosi, akaniambia kwamba kwa kuwa baridi imefika, na nimeiona mimi mwenyewe, nitalivaa kila siku hadi mvua za mwezi wa tisa.

Nikalivaa. Nililivaa asubuhi, nililivaa saa sita jua likiwa utosini, nililivaa nikitumwa dukani na nikirudi. Jasho lilitengeneza njia zake mgongoni. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa mfano unaotembea. Hamza aliniuliza mbele ya wenzake kama huko Ulaya theluji imeshaanguka, akajitolea kunipepea kwa kifuniko cha sufuria. Hayo niliyastahili. Nisilolitarajia ni kwamba majirani waliniona. Walimwona binti wa Fundi Saidi ndani ya koti jipya, wakahitimisha kwamba mkasi umeshikwa, na kabla ya wiki kuisha watu saba walikuwa wameagiza makoti. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Biryogo iliamini hivyo na ikajiandaa. Baba alikata koti baada ya koti. Mama alimuuliza mara moja tu kama ana hakika, akamjibu kwamba shahidi alikuwepo.

Baridi haikuja. Mwezi wa nane ulipita mkavu na wa joto, mabwawa ya mbu yakabaki na mbu wake, na watu saba wakatembea na makoti mikononi kama watu wanaomtafuta mwenye mali. Mwanzoni waliudhika, baadaye wakaanza kucheka, na kicheko ndicho kilichouma. Mlangoni mwa msikiti mtu mmoja alimwomba Baba amwazime koti zito, kwani joto linamuua. Baba alicheka pamoja nao. Nilikuwa nimesimama kando nikimsubiri, na nilimsikia akisema alikosea, macho ya fundi nayo huzeeka. Hakunitaja. Alikuwa hajafika hata miaka arobaini na mitano. Mwaka uliofuata watu walikuja kushonesha walipojisikia wenyewe, na hakuna tena aliyeuliza habari za mkasi. Hamza alisema ni kwa sababu siku hizi kila mtu ana redio. Mimi nilijua ni kwa sababu ya nani.

Baina ya kiangazi kile na leo kuna mambo ambayo siyaandiki hapa, na kila msomaji wa Kigali anajua nimeruka nini. Nilisoma, nikaenda vyuo vya mbali, nikarudi na shahada zinazoniruhusu kuitwa mtaalamu wa tabianchi. Ndiyo: mtu ambaye kipimo chake cha kwanza cha hali ya hewa alikighushi kwa chai, sasa analipwa kuviamini vipimo vya wengine. Nakaa kwenye kumbi za mikutano za Kimihurura ambako tunaijadili dunia inayopata homa huku tumejifunga mitandio, maana viyoyozi ni vikali. Ninaeleza kwamba makaa ya mawe, mafuta na gesi yakichomwa huacha hewani hewa ya ukaa inayokaa kule juu kama blanketi, ikizuia joto lisirudi lilikotoka. Kwamba misitu, ambayo ingeimeza sehemu yake, tunaikata. Kwamba nchi zilizokoka moto mkubwa hazikuwa hizi zetu, ila moshi haujawahi kuuliza mwenye jiko ni nani. Naonyesha yanayotarajiwa: mvua zinazochelewa kisha zikaja zote siku moja na kuuteremsha mlima pamoja na nyumba zilizoushikilia, kiangazi kinachovuka mpaka wake, majani ya chai yanayotafuta vilima vya juu zaidi, mbu wanaopanda hadi vitongoji ambako bibi zetu hawakuwajua. Hayo ya mbu sikuyasoma vitabuni. Miaka ya mwisho ya kazi yake Baba hakushona makoti tena. Alikuwa akiziba vyandarua vilivyochanika.

Na kwa haki ya sayansi ni lazima niseme kwamba kiangazi kimoja chenye joto hakithibitishi kitu. Nawaambia wanafunzi hivyo kila mwaka. Huenda mwaka ule ulikuwa mwaka wa kawaida uliochoka, na baridi ilirudi baadaye mara kadhaa. Nakumbuka asubuhi mbili tatu nyeupe nikiwa sekondari. Lakini zilikuja kama jamaa anayehama, anayepita kuchukua vitu vyake kimoja kimoja. Naishi Kinyinya sasa. Mahali pa mikaratusi ya Gaspari pamejaa matofali, mchanga na vijana wenye kofia za ujenzi, na nyumba yangu ni mojawapo ya hizo nyumba. Sikuja kuishi juu ya hewa; nami nimekaa palipokatwa miti. Asubuhi za mwezi wa saba huwa natoka barazani. Sitafuti kitu. Nasimama tu nikiwa na fulana, nikisubiri mwili unisisimke kwa baridi, na mwili hausisimki.

Mwezi wa saba uliopita nilikwenda Biryogo kumsalimu Baba. Amezidi miaka themanini, macho yamepungua, ila masikio na ulimi havijapungua hata kidogo. Tulikaa mlangoni, nikiwa nimeamua njiani kwamba safari hii nitalisema. Nikamwambia kuhusu chai. Akasema chai ipi, ile ya mwaka wa makoti saba? Nikamuuliza kwa nini basi alikata, hali alijua. Alisugua kidole gumba, mahali ambapo mpini wa mkasi ulimwachia sugu.

"Kila alfajiri kabla ya wewe kuamka nilikuwa natoka peke yangu, napuliza," akasema. "Mwezi mzima. Hakuna kitu. Nikaanza kuogopa, mwanangu. Ulipoleta moshi, hata wa tangawizi, nikasema afadhali huu."

Miaka yote nilidhani nilimdanganya mtu asiyetaka kudanganywa. Kumbe tulikuwa wawili, na sasa nadhani tu wengi zaidi ya wawili, tulio tayari kushika mkasi kwa pumzi yoyote nyeupe tutakayoonyeshwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mteja anayemuuliza fundi, kama baridi ile itarudi. Safari hii nilimjibu kweli. Nilimwambia hairudi, si kwa umri wake wala kwa wangu.

"Na kwa Salma?"

Salma ni binti yangu, ana miaka tisa. Nikamwambia hilo bado linategemea.

"Linategemea nani?"

"Watu, Baba."

"Watu ni wengi," akasema. "Nitajie mmoja."

Nilikuwa nimetoka Kinyinya hadi pale kwa gari langu la petroli, peke yangu, na ufunguo ulikuwa bado mkononi.